Pesa za boriti, na santuri ya 1961 inayoniita

BARUA

Bi. Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mwenyeji wa Amu, yaani Lamu, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za wageni huko Shela. Nakuandikia kwa sababu jambo hili sina wa kumwambia. Nikilileta barazani wenzangu watanicheka, na mke wangu nimekwisha kumchosha nalo.

Nakusanya santuri za jazi. Ilianza mwaka 2011, pale mzee mmoja mgeni niliyekuwa nikimtunzia nyumba alipohama akaniachia mashine yake ya santuri, spika mbili na sahani kumi na moja. Jazi nilikuwa siijui. Sahani ya kwanza niliyoiweka niliichagua kwa jina tu, kwa kuwa jalada lilikuwa na neno la kwetu: Mwandishi. Nikadhani ni ya mtu wa pwani. Kumbe ni ya Herbie Hancock, Mmarekani, ya mwaka 1971, na yeye na wenzake kwenye bendi walikuwa wamejipa majina ya Kiswahili: Mwandishi mwenyewe, kisha Mchezaji, Mganga, Jabali, Mwile na Pepo Mtoto. Nilikaa kitako sakafuni nikasikiliza pande zote mbili. Sikuelewa kitu, na sikuinuka.

Tangu hapo natafuta sahani za jazi ambazo ndani yake tumo sisi. Leo ninazo 63. Ninayo ya Lee Morgan yenye wimbo uitwao Mr. Kenyatta, uliorekodiwa 1964, uhuru wetu ukiwa bado mchanga. Ninayo Jazz Sahara ya Ahmed Abdul-Malik, ya 1958, mpiga besi aliyekuwa akipiga na udi vilevile. Hiyo nikiiweka jioni, wazee wanaopita kichochoroni husimama, wakadhani nimeweka taarabu ya Zein.

Sasa kuna moja nisiyokuwa nayo, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Inaitwa Uhuru Afrika. Mpiga piano Randy Weston aliirekodi New York mwezi Novemba 1960, na bendi kubwa iliyopangiwa muziki na mwanamke, Melba Liston. Inaanza kwa sauti ya mtu akisema Kiswahili: shairi la Langston Hughes, msemaji ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Hebu fikiri, Bi. Mshauri. Tanganyika bado haijapata uhuru, Kenya ndiyo kabisa, na New York mtu anasimama mbele ya maikrofoni anatamka uhuru kwa lugha yetu, na nyuma yake ngoma. Nimeisikia kwenye simu tu. Binti yangu wa miaka 12 aliisikiliza nami, akaniambia, "Baba, huyu ni mtu wa bara." Nikamkumbatia.

Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi anasema anayo ile ya kwanza kabisa, ya 1961. Anataka shilingi 85,000. Amenitumia picha mbili za jalada, anasema hali yake ni VG+, yaani nzuri sana kwa daraja za wakusanyaji, na amenipa hadi mwisho wa mwezi. Wakati huohuo, duka moja la Mombasa lina toleo lililochapwa upya Ulaya, jipya halijafunguliwa, kwa 6,500. Wakusanyaji ninaoandikiana nao wananikataza hilo la Mombasa. Mmoja alisema toleo jipya ni chai ya majani yaliyokwisha kupikwa.

Pesa ninazo na sinazo. Sandukuni mna 140,000, za kubadilishia boriti za chumba cha juu. Zimeliwa na mchwa, na fundi anataka 125,000 amalize kabla ya masika. Katika pesa hizo, 50,000 ni za mke wangu, za kofia alizoshona kwa mkono. Nimekuwa nikiwaza nichukue, kisha nirudishe wageni wakija Desemba. Sijamwambia. Alichoniuliza juzi, akiniona nimeinamia simu, ni hiki: "Wewe wasikiliza sahani au wasikiliza jina?" Sikumjibu.

Na nikuambie yote. Miaka miwili iliyopita nilitoa 30,000 kwa sahani niliyoambiwa ni toleo la kwanza. Ilipofika, lebo yake ilikuwa ya miaka mingi baadaye. Muuzaji hakushika simu tena. Mashine yangu nayo, sindano sijaibadilisha tangu 2017 kwa kuwa huku hazipatikani. Sahani naziweka kwenye vidaka vya ukuta wa upande wa bahari, na ile Mwandishi jalada lake limeanza kuota ukungu.

Je, toleo jipya lina thamani kwa mtu kama mimi, au nitakuwa najidanganya? Na je, ni kosa mtu wa hali yangu kutamani kitu kama hiki?

Msikilizaji, Amu


JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo nililolisoma mara tatu. Si kosa. Mtu aliyekaa sakafuni akasikiliza pande mbili za sahani asiyoielewa, kisha akatumia miaka akiitafuta lugha yake ndani ya muziki wa watu wa mbali, hana la kuomba radhi. Neno "mtu wa hali yangu" usiliandike tena.

Nikikuelewa sawasawa, umeniletea mambo matatu ukayafunga kamba moja. Kuna sahani mbili, ya 85,000 na ya 6,500. Kuna sanduku lenye pesa za boriti. Na kuna swali la mke wako ambalo hukulijibu. Yakikaa pamoja hivyo, kila moja linalifanya lingine lionekane zito kuliko lilivyo. Niruhusu niyafungue.

Wenzako wanakuambia ya kwanza ndiyo ya kweli, nyingine ni kivuli chake. Naomba tulishike neno hilo tulitazame vizuri. Umewahi kuisikia Kind of Blue ya Miles Davis? Ilirekodiwa New York kwa siku mbili, Machi 2 na Aprili 22 mwaka 1959. Siku ile ya Machi mashine ya kanda ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko inavyopaswa. Kanda hiyo ilipopigwa kwa kasi ya kawaida, sauti ikapanda. Kwa hiyo upande wote wa kwanza wa sahani za mwanzo uko juu kuliko walivyopiga wenyewe, na kwa zaidi ya miaka thelathini ndivyo dunia ilivyousikia. Matoleo ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyorekebisha, kwa kutumia kanda ya akiba. Hapo nani kashika ya kweli? Aliye na sahani ya 1959, au aliye na ile iliyochapwa upya?

Sisemi hivyo kukukinaisha na toleo la kwanza. Lina haki yake. Kanda huchakaa, na sahani iliyochapwa kanda ikiwa mbichi inaweza kubeba kitu ambacho miaka sitini baadaye kimekwisha kufifia. Kanda nyingine hazipo tena: Juni 1, 2008 moto uliwaka kwenye studio za Universal huko Hollywood ukateketeza kanda nyingi za asili, na nyingine zilikuwa za jazi. Kanda ikishapotea, anayechapa upya hana budi kuchukua nakala ya nakala, na hapo neno la mwenzako kuhusu majani ya chai linakuwa na ukweli.

Ila majani hayapikwi jikoni moja. Kampuni ya jazi ya Blue Note walianza mwaka 2019 mfululizo wao wa Tone Poet, unaosimamiwa na Joe Harley, na Kevin Gray huukata, yaani huichonga mifereji ya sahani mama, kutoka kwenye kanda za asili. Wakusanyaji wengi wanaomiliki sahani za zamani huzinunua hizo pia, wakaziweka pembeni yake bila aibu. Upande wa pili kuna sahani zinazochapwa kutoka kwenye CD tu, zikavalishwa jalada la kupendeza. Na Ulaya ina jambo lake. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zimekwisha muda wa ulinzi, kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kuzichapa bila kumuuliza wala kumlipa mwenye rekodi, ingawa mtunzi wa muziki bado ana haki yake. Uhuru Afrika ni ya 1961. Hiyo ya Mombasa, iliyochapwa Ulaya, huenda ni ya namna hiyo. Huenda siyo. Muulize mwenye duka: mgongoni pa jalada imeandikwa nini kuhusu kibali, na nani aliikata, kutoka kanda gani? Jalada lisilosema lolote juu ya kanda kwa kawaida lina sababu ya kunyamaza.

Labda linakukera kwamba familia ya Randy Weston, aliyefariki 2018, haitaona senti ya rekodi yenyewe. Linanikera mimi. Lakini hata 85,000 za Nairobi hazitawafikia. Zitabaki mfukoni mwa muuzaji.

Halafu masikio. Mwaka 2022 ilibainika kuwa kampuni ya Mobile Fidelity, ambayo sahani zake zilisifiwa na kununuliwa ghali kwa kuaminiwa kwamba zinatoka kwenye kanda moja kwa moja, ilikuwa ikipitisha sauti kwenye hatua ya kidijitali katikati. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, maana hawakuambiwa. Lakini kabla ya hapo, wengi wa waliosema wanaisikia tofauti ya kidijitali mara moja walikuwa wakizisifu sahani hizohizo. Hili nakuambia wewe kwa upole: hiyo tofauti unayotaka kuilipia 78,500, utaisikia kwa sindano ya 2017? Sindano ina maisha yake, na husemwa ni saa 500 hadi 1,000 za kupiga. Ikishachakaa haiharibu sauti tu, inatafuna mifereji ya sahani, na iliyotafunwa hairudi. Naiona sahani ya 1961 ikifika Amu salama, ikawekwa chini ya sindano ile, na jioni ya kwanza ikapoteza kitu ambacho haitakipata tena. Hapo nilipofika kwenye barua yako moyo uliniruka.

Kuhusu huyo wa Nairobi, sina la kumshtaki. Ila picha mbili za jalada si sahani. Na VG+ ni herufi alizojipa mwenyewe. Mtu mwenye sahani halali ya bei hiyo hachoki kupiga picha ya lebo za pande zote mbili, na ya ule ukanda mtupu karibu na lebo ambapo namba hukwaruzwa kwa mkono wakati wa kukata, na akiombwa, video ya sahani ikizunguka mbele ya taa, ikifuatiwa na dakika mbili tatu za kusikiliza zile sehemu tulivu. Mwaka 2011 hukujua haya. Miaka miwili iliyopita ulijifunza kwa 30,000. Muulize pia itasafiri vipi: nani atabeba hasara ikipindika kwenye basi hadi Mokowe, au ikilowa kwenye mashua? Na "mwisho wa mwezi" ni tarehe yake yeye. Sahani iliyongoja tangu 1961 haina haraka hiyo.

Sasa sanduku. Hapa naenda taratibu, kwa kuwa sikujui wewe wala simjui mkeo, na nyumba ni ya wenyewe. Umesema utachukua kisha utarudisha Desemba. Labda utarudisha. Lakini masika haijui Desemba, na boriti iliyoliwa na mchwa haiulizi. Hilo ni la hesabu, na hesabu unaijua. Lisilo la hesabu ni zile 50,000. Kofia ya kushonwa kwa mkono unajua inachukua muda gani. Umemwona akiishona taa ikiwaka. Ukizichukua kimya, na hata ukizirudisha kamili, utakuwa na sahani ambayo huwezi kuiweka akiwa chumbani bila kukumbuka ilivyoingia. Najiuliza kama hiyo ndiyo Uhuru Afrika unayoitaka.

Kumwambia nako kuna hatari yake. Anaweza kukataa, na utabaki na kiu yako na neno lake. Anaweza pia kukubali kwa kukupenda, kisha mvua ikaja, na hapo utaumia zaidi kuliko angekataa. Lakini nililisoma tena swali lake, na sikusikia dhihaka ndani yake. Mwanamke anayetaka kukucheka hakuulizi unasikiliza nini. Alikuuliza, nadhani, kwa sababu hajui, na angependa kujua. Umewahi kumketisha ukamsomea lile shairi, ukamweleza kwa nini ulimkumbatia binti yako siku ile? Wewe umeniandikia mimi kurasa mbili. Kama yeye hajapata hata moja, si ajabu anaona mtu aliyeinamia simu.

Kuna njia nyingine uliyoipita bila kuigusa. Una sahani 63. Zote zinakaa moyoni sawasawa? Huenda zimo kumi ambazo mwaka mzima hujazigusa, na zikiuzwa zitaleta sehemu ya bei bila kufungua sanduku. Wapo waliouza hivyo, mwaka mmoja baadaye wakaitafuta ileile waliyoiuza na kuilipia maradufu. Kwa hiyo chagua kwa masikio, siku ambayo huna hamu ya kununua chochote. Au mwambie wa Nairobi ukweli wako, kwamba unaitaka na hutaiweza mwezi huu. Atauzia mwingine, ndiyo, inawezekana. Nakiri hilo litauma.

Na hiyo ya 6,500? Ina mtego wake pia. Ukiinunua kama faraja, kila ukiiweka utakuwa unasikia ile nyingine usiyonayo, na mwisho utanunua zote mbili. Ukiinunua ili usikie muziki, ni habari tofauti. Kumbuka hujawahi kuusikia nje ya simu. Ngoma zile za Olatunji na Max Roach, ile sauti ya Sanga ya kuanzia, zote umezisikia kupitia spika ndogo kama ukucha. Hujui bado itakavyojaza chumba chako cha mawe.

Acha nikuambie la kwangu. Mimi ni wa Malindi, na baba yangu alikuwa na sahani za Mzuri, zile zilizotolewa na Assanand wa Mombasa, taarabu tupu. Tulipohamia nyumba nyingine zilisahauliwa kwenye sanduku la bati uani, jua likazipinda kama papadi. Leo nyimbo nyingine kati ya zile ninazo kwenye simu. Udi ni uleule, sauti ni zilezile. Lakini katika mmoja palikuwa na mkwaruzo, kabla tu ya ubeti wa tatu, na baba alikuwa akiinua kidole chake juu sekunde moja kabla haujafika, nasi watoto tukasubiri. Sasa wimbo unapita pale laini, na mimi bado hunyanyua kidole. Ndiyo maana sitakuambia kwamba plastiki na karatasi ni vitu tu. Sivyo.

Ila mkwaruzo ule ulikuwa wetu, tuliutengeneza wenyewe, pengine ni mimi niliyeutia. Sahani ya Nairobi inakuja na mikwaruzo ya nyumba ya watu wengine, watu waliokuwepo 1961, na labda hicho ndicho hasa unachokitamani, kushika kitu kilichokuwepo siku zile. Ni tamaa ninayoielewa kabisa. Hiyo ya Mombasa inakuja bila mkwaruzo hata mmoja, na wa kwanza utatiwa na binti yako wa miaka 12. Mimi sijui ipi kati ya hizo mbili ni yako. Lakini nadhani ukikaa na swali la mkeo usiku mmoja bila simu mkononi, utajua ni jina au ni sahani, na yote mawili yanaruhusiwa, mradi umjibu yeye kwanza.

Lolote utakaloamua, wiki hii zitoe sahani kwenye vidaka vya ukuta wa bahari. Mawe yale ya matumbawe hunyonya chumvi na unyevu, na kusi likianza kuvuma ukungu utatoka kwenye jalada uingie kwenye mifereji. Ziweke ukuta wa ndani, zisimame wima, zisilale wala zisibanane. Mwandishi ianze yenyewe: itoe kwenye karatasi ya ndani, karatasi hiyo itupe, ifute kwa kitambaa laini cha pamba kilicholowa kidogo maji ya betri, yale yasiyo na asidi, ukifuata duara la mifereji, kamwe usikate katikati, na lebo isiguswe na maji. Iache ikauke kivulini. Sindano mpya agiza Mombasa, ukitaja namba iliyoandikwa ubavuni mwa ile ya zamani. Na siku itakapofika, iweke Mwandishi kwanza, umwite mke wako aketi.